Maji ya Moto Mtutuni

Mjomba aliniomba nimsindikize Mpale kwa sababu moja: mimi ndiye niliyesoma historia chuoni. Mzee mmoja wa huko alikuwa na bunduki ya kuwindia ya Kiingereza, yenye leseni, na alitaka kuiuza kwa kufuata taratibu za polisi. Bei ilikuwa kubwa. Mzee alisema ni kwa sababu bunduki ilikuwa ya babu yake, aliyeipata enzi za Mjerumani.

Tulimwamkia, tukanywa chai, kisha akaitoa. Akaifungua kwanza, tukaona haina risasi. Kabla sijaigusa nilikuwa na mashaka.

Historia ya Korogwe imejaa bunduki. Katika karne ya 19, Wazigua, waliokuwa karibu na wafanyabiashara wa pwani, walizipata mapema kuliko Wasambaa wa milimani. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ukoo wake uligombania utawala, na mwanawe Semboja akajiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara. Lakini nyingi za silaha hizo zilikuwa magobore, yanayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika. Korogwe ilikuwa ndani ya eneo hilo. Waliobaki nazo hasa ni askari wa serikali na wenye vibali. Mwindaji wa kijijini enzi za Mjerumani, kama alikuwa na bunduki, kwa kawaida ilikuwa gobore.

Hii haikuwa gobore. Kwenye chuma kulikuwa na alama ya bunduki tatu zilizoegemeana: nembo ya BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1861, ambayo wazee wengi wanaijua kwa baiskeli na pikipiki. Nikatafuta mihuri. Uingereza, mtutu hujaribiwa kwanza kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ukistahimili, unagongwa muhuri. Birmingham ina nyumba ya majaribio hayo tangu mwaka 1813. Mihuri imebadilika mara kadhaa, ndiyo maana husomeka kama tarehe. Niliona taji dogo, na chini yake herufi BNP. Muhuri huo ulianza mwaka 1954, mwaka ambao TANU ilizaliwa. Bunduki ya zamani inaweza kupimwa upya, lakini hii haikuwa na muhuri mwingine wa zamani zaidi.

Mjomba alinitazama akisubiri. Nikisema, bei itashuka, na mzee ataonekana mwongo barazani kwake, mbele ya wajukuu. Nikanyamaza, nikamulika tochi ndani ya mtutu. Nilitegemea kutu. Ulikuwa unang'aa, na mifereji yake ya ndani ilikuwa na kingo kali.

"Babu, umeitunzaje?"

"Maji ya moto. Ukishapiga, unamimina maji ya moto, unakausha, unapaka mafuta. Baba alinifundisha. Naye alifundishwa na babu."

Hapo nikaelewa. Baruti ya gobore huacha masizi na chumvi zinazokula chuma, na dawa yake ni maji ya moto. Risasi nyingi za zamani nazo ziliacha chumvi ya namna hiyo, kwa hiyo desturi ile ilifaa hata kwa bunduki mpya.

"Babu yako alikuwa na gobore?"

Akacheka. "Gobore, ndiyo. Serikali ililichukua. Baba akanunua hii. Lakini kwetu tunasema bunduki ya babu, ni ile ile."

Nikamwonyesha muhuri, nikamtajia mwaka. Akapiga hesabu kwa vidole. "Kumbe mimi ni mkubwa kwake!"

Mjomba akaomba apunguziwe kwa sababu ya umri. Ilibidi nimwambie ukweli wa upande wa pili: mtutu msafi namna ile ni vigumu kuupata, na mzee ana haki ya kulipwa kwa kuutunza. Walikutana katikati, wakapanga siku ya kwenda polisi.

Tulipoaga, mzee alimshika mjomba mkono, hakuuachia. "Maji yawe yanachemka," alisema. "Vuguvugu hayafai."

Mjomba akatoa simu, akayaandika.