Mwezi Mgeni wa Zohali na Kiti cha Milansi

Mwanafunzi wa historia ya Ufipa hukutana mapema na swali gumu: kati ya dola kubwa na kijiji kidogo kilicho kandoni mwake, ni kipi kilichotangulia? Swali hilo lina ndugu yake katika elimu ya falaki, na jibu la wanafalaki laweza kumnufaisha mwanahistoria, mradi asilipokee bila kulipima.

Mwaka 1899 Mmarekani William Henry Pickering alitangaza kwamba Zohali ina mwezi mwingine, mdogo na wa mbali, nao ukaitwa Phoebe. Hakuuona kwa kuchungulia katika darubini. Aliukuta katika vioo vya picha zilizopigwa mwaka 1898 huko Arequipa, katika nchi ya Peru, ukawa mwezi wa kwanza kuvumbuliwa kwa njia hiyo. Upana wake ni kilometa 213 hivi, hali upana wa Zohali penye ikweta yake wazidi kilometa 120,000. Huizunguka sayari hiyo kwa umbali wa kilometa milioni 13 hivi, na mzunguko mmoja huchukua siku zipatazo 550.

Lakini jambo kubwa si udogo wake, bali ni mwendo wake. Miezi mikubwa iliyo karibu na Zohali hushika njia zilizo sawasawa na ikweta ya sayari, nayo huenda upande uleule ambao sayari hujizungusha. Hiyo ni dalili ya kwamba ilizaliwa pamoja nayo, katika duara moja la gesi na vumbi. Phoebe hukaa mbali, njia yake imeinama, nao huenda kinyume. Basi wanafalaki wakahukumu kwamba ni mgeni aliyenaswa. Kunaswa huko si jambo jepesi, maana gimba lipitalo karibu na sayari huja kwa kasi na huondoka kwa kasi, ila likipata kitu cha kulipunguzia mwendo, kama vile gesi iliyoizunguka sayari ilipokuwa changa, au kugongana na gimba jingine. Mwaka 2004 chombo kiitwacho Cassini kilipita kilometa 2,000 hivi kutoka Phoebe, kikaona uso mweusi wenye mashimo mengi, barafu na kaboni dioksidi. Na wataalamu wengi wameona humo ushahidi wa kwamba ulitoka pande za nje, mbali kupita Zohali.

Sasa na turudi katika uwanda wa Ufipa. Si mbali na Sumbawanga pana Milansi, karibu na mlima Itwelele. Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya dola ya Wafipa mwaka 1981, aliandika masimulizi ya mahali hapo. Husimuliwa kwamba Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alishuka kutoka mbinguni dunia ilipoanza. Kisha wakaja wageni wanawake, wa ukoo wa Watwachi, wakati mtawala wa Milansi amekwenda kuwinda, wakakikalia kiti chake. Aliporejea, yalifanywa mapatano: wageni watawale nchi, naye abaki na Itwelele pamoja na heshima ya ibada. Baadaye utawala wa Watwachi uligawanyika kuwa dola mbili, Nkansi na Lyangalile.

Hapa mifano miwili yapishana, na katika kupishana huko ndimo lilimo funzo. Kule Zohali mdogo ndiye mgeni. Huku Ufipa mdogo ndiye mwenyeji, na mgeni ndiye aliyekuwa mkubwa. Kwa hiyo udogo si ushahidi wa ugeni, wala ukubwa si ushahidi wa uenyeji. Ushahidi umo katika mwendo. Na mwendo wa Milansi ni huu: masimulizi ya nchi iliyotawaliwa na Watwachi yakiri kwamba kiti hakikuwa chao. Ni nadra watawala kuacha habari ipunguzayo haki yao isimuliwe katika nchi yao. Hivyo habari ya namna hiyo, iendayo kinyume na masilahi ya wenye nguvu, yastahili kupimwa kwa makini zaidi.

Hata hivyo, njia ya mwezi hupimwa kwa hesabu, na masimulizi hupita vinywani mwa watu. Wazee wa Milansi nao wana faida katika kusimulia ukongwe wao, na tarehe za mambo hayo hazimo ndani ya kisa. Mwanahistoria asichukue kisa kuwa ni daftari la matukio. Akichukue kuwa ni alama ya uhusiano wa mamlaka mbili, moja ya utawala na moja ya ibada.

Jambo hili si la mchezo. Serikali za kikoloni zilishughulika na watawala wakubwa, na kumbukumbu zao zikafuata mkondo huo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika, na wakubwa wakakosa vyeo vyao. Tukiiandika historia ya Ufipa kwa kufuata barua za maofisa peke yake, tutapata Nkansi na Lyangalile, na Milansi itakuwa neno moja pembeni mwa ukurasa. Phoebe nao ulikuwa doa dogo katika kioo cha picha; aliyeuona ni yule aliyelinganisha kioo na kioo, akauliza kwa nini doa lile halikai mahali pamoja na nyota.