Filimbi ya Bati na Ujira wa Mpigaji

Filimbi huhesabiwa na wengi kuwa ala ya mchungaji au mchezo wa mtoto. Lakini katika miji ya Afrika Kusini ilipata kuwa sauti ya umma. Mwanzoni mwa karne ya 20, wavulana wa Johannesburg walipita barabarani kwa filimbi na ngoma, wakiiga bendi za askari wa Kiskochi. Filimbi ya bati, yenye matundu 6, haikuwa ghali. Kwa hiyo ilikaa mifukoni mwa watoto wasioweza kununua tarumbeta.

Katika miaka ya 1950 mchezo huo uligeuka sanaa. Vijana walisikia jazi ya Marekani katika santuri, wakaichanganya na marabi ya mitaani kwao. Mpigaji aliishika filimbi upande, kinywa chake kimeigeuza kidogo. Sauti ikawa nene, ikaweza kuteleza kutoka noti hadi noti. Gitaa lilimfuata, pamoja na besi ya uzi mmoja iliyofungwa juu ya sanduku la chai. Muziki huo uliitwa kwela, neno la Kizulu lenye maana ya kupanda. Na gari la polisi liliitwa vivyo hivyo, kwani waliokamatwa waliamriwa kulipanda.

Mwaka 1954 Spokes Mashiyane alirekodi "Ace Blues", na sahani hiyo ilipendwa mno. Mwaka 1958 "Tom Hark", iliyopigwa na kundi la Elias Lerole, ilifika nafasi ya 2 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Hapa ndipo yatupasa kutua. Desturi ya makampuni ilikuwa kumlipa mpigaji mara moja kwa kila wimbo, bila ya fungu katika mauzo. Na jina lililoandikwa kuwa la mtunzi wa "Tom Hark" lilikuwa la Rupert Bopape, msimamizi wa kurekodi. Furaha ilivuka bahari; faida haikurudi kwa waliopuliza.

Baadaye saksofoni ilishika mahali pa filimbi, na Mashiyane mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioitangulia njia hiyo. Hata hivyo kwela haikufa. Ilikwisha kuchukuliwa na wahamiaji kazi hadi Malawi, ambako Donald Kachamba (1953–2001) aliipuliza kwa ustadi mpaka Ulaya ikamsikiliza.

Kosa la wafanyabiashara lilikuwa moja: waliipima thamani ya mpigaji kwa bei ya bati lake.