Siku ya Kuzaliwa ya Jim Thorpe

Siku ya kuzaliwa ya Jim Thorpe huadhimishwa kila mwezi wa Mei katika mji mdogo wa Jim Thorpe, jimboni Pennsylvania nchini Marekani. Mji huo umechukua jina la gwiji huyu wa futiboli ya Marekani, na ndiko alikozikwa. Magwiji wengine wa mchezo huo nao hukumbukwa siku zao zinapowadia. Ikifika tarehe 17 Februari, kwa mfano, mashabiki wa Cleveland humtaja Jim Brown, aliyezaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha St. Simons, Georgia. Ila kumbukumbu nyingi za aina hiyo ni picha za zamani na hesabu za yadi alizokimbia mchezaji, basi. Ya Thorpe ni nzito zaidi: tarehe yenyewe ina utata, na mahali inaposherehekewa palizua kesi iliyobishwa hadi kwenye mlango wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Thorpe alizaliwa karibu na ulipo sasa mji wa Prague, Oklahoma, wakati eneo hilo likiitwa Indian Territory na bado halijawa jimbo. Watoto wa huko hawakuandikishwa serikalini. Cheti chake cha ubatizo katika Kanisa Katoliki kinataja tarehe 22 Mei 1887, na waandishi wengi wa maisha yake wanaifuata hiyo. Yeye mwenyewe, alipoandikia gazeti la Shawnee mwaka 1943, alisema alizaliwa tarehe 28 Mei 1888. Cheti kinastahili kuaminiwa zaidi, kwa sababu kiliandikwa yeye angali mchanga na wazazi wake wakiwapo. Hata hivyo tarehe ya 28 imeenea mno vitabuni, na wapo wanaochanganya zote mbili wakaandika 28 Mei 1887.

Siku hiyo, iwe ipi, walizaliwa watoto wawili. Pacha wake Charlie alifariki kwa nimonia akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama yao, Charlotte Vieux, alikuwa na asili ya Potawatomi. Baba, Hiram Thorpe, alikuwa wa taifa la Sac na Fox, na ndilo lililomlea Jim na kumpa jina la Wa-Tho-Huk, lenye maana ya njia iliyoangazwa na mwanga wa radi. Kifo cha pacha kilimvuruga kijana. Alitoroka shule mara kadhaa, hadi alipopelekwa Carlisle, Pennsylvania, katika shule ya bweni ambayo serikali iliianzisha ili kuwang'oa watoto wa wenyeji asilia katika lugha na mila zao. Huko ndiko alikokutana na kocha Glenn “Pop” Warner.

Mechi inayoeleza vizuri zaidi Thorpe alikuwa mchezaji wa namna gani ni ile ya Novemba 1911 dhidi ya Harvard, chuo tajiri chenye mojawapo ya timu kali kabisa za wakati huo. Thorpe aliingia uwanjani mguu ukiwa umefungwa bendeji kwa maumivu. Carlisle walishinda 18 kwa 15, na pointi 12 kati ya hizo 18 zilitokana na mikwaju yake minne iliyopita katikati ya nguzo. Alikimbia na mpira, alipiga, alizuia, alikaba; siku hizi kazi hizo hugawanywa kwa watu mbalimbali, kila mmoja na yake. Mwaka uliofuata Carlisle waliifunga timu ya chuo cha jeshi cha West Point 27 kwa 6, na miongoni mwa wanajeshi waliohangaika kumwangusha Thorpe alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wa Marekani.

Kati ya mechi hizo mbili kulikuwa na Olimpiki ya Stockholm ya 1912, ambako alitwaa dhahabu katika pentathloni na dekathloni. Miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 1913, ikafichuka kwamba mwaka 1909 na 1910 alilipwa ujira mdogo kwa kucheza besiboli huko North Carolina. Akanyang'anywa medali kwa kosa la kuwa mchezaji wa kulipwa. Kanuni za michezo hiyo zilitaka pingamizi litolewe ndani ya siku 30, na muda huo ulikuwa umepita zamani. Waliomhukumu walivunja sheria yao wenyewe, na hakuna namna ya kulieleza jambo hilo isipokuwa kuliita dhuluma. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimrudishia ushindi wake mwaka 1982, miaka 29 baada ya kifo chake, lakini ikamworodhesha kuwa mshindi mwenza. Ilichukua hadi Julai 2022 kutambuliwa kuwa mshindi pekee wa mashindano yote mawili.

Futiboli ya kulipwa nayo ina deni kwake. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ilimwajiri kwa dola 250 kwa kila mechi, fedha nyingi kwa wakati ule, na watu wakajaa viwanjani kumtazama. Septemba 1920, wenye timu walipokutana Canton katika duka la magari kuunda chama ambacho miaka miwili baadaye kiliitwa NFL, walimchagua Thorpe awe rais wa kwanza. Walilihitaji jina lake zaidi ya utawala wake, na baada ya msimu mmoja nafasi ilikwenda kwa mwingine. Aliendelea kucheza hadi 1928, umri ukiwa umevuka miaka 40. Jumba la kumbukumbu la magwiji wa futiboli ya kulipwa lilipofunguliwa Canton mwaka 1963, alikuwa katika kundi la kwanza la walioingizwa.

Baada ya uwanja, maisha yalimkalia vibaya. Alicheza sehemu ndogo ndogo katika filamu, alichimba mitaro, alikuwa mlinzi. Mwaka 1950 waandishi wa habari za michezo walimchagua mwanamichezo bora wa nusu karne. Tarehe 28 Machi 1953 alifariki kwa maradhi ya moyo katika nyumba yake ya tela huko Lomita, California.

Mwili ulipelekwa Oklahoma, na jamaa zake wakaanza ibada ya mazishi ya Sac na Fox. Kabla haijakamilika, mke wake wa tatu, Patricia, akafika na gari la maiti na kulichukua jeneza. Jimbo la Oklahoma lilikuwa limekataa kugharimia mnara wa kumbukumbu, naye akatafuta mahali pengine. Wakati huo Mauch Chunk na East Mauch Chunk, miji jirani ya Pennsylvania iliyoishi kwa makaa ya mawe na reli, ilikuwa inadidimia, na wakazi walikuwa wakichanga senti tano kila wiki ili kuvutia ajira. Makubaliano yakafikiwa: miji iungane, ichukue jina la Jim Thorpe, imjengee kaburi la heshima. Wananchi walipiga kura mwaka 1954 na kuafiki. Kaburi ni la graniti nyekundu, na limewekewa udongo uliotoka Oklahoma na katika uwanja wa Olimpiki wa Stockholm. Hakuna ushahidi kwamba Thorpe aliwahi kuishi mjini hapo.

Maadhimisho ya Mei hufanyika wikiendi. Watu hukusanyika kaburini, na wacheza ngoma wa mataifa ya wenyeji asilia hualikwa. Wakazi hawafanyi utani: wamelitunza kaburi kwa miongo kadhaa, na watoto wa mji hukua wakijua habari za mtu ambaye wenzao wa majimbo mengine hawamjui.

Wanawe hawakuridhika. Mwaka 2010 Jack Thorpe alifungua kesi kwa kutegemea sheria ya 1990 inayolinda makaburi na masalia ya wenyeji asilia, akitaka baba yake arudishwe kwa watu wake. Jack alifariki mwaka uliofuata, na ndugu zake pamoja na taifa la Sac na Fox wakaendelea. Mwaka 2013 jaji aliwapa ushindi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliutengua, ikisema sheria hiyo haikukusudiwa kwa mzozo wa namna hii. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Ukoo wenyewe uligawanyika, baadhi ya wajukuu wakitaka babu yao aachwe alipo.

Kisheria jambo limekwisha. Kwa haki ya kawaida, dai la wanawe lina uzito kuliko mkataba wa mji na mjane, kwa kuwa ibada ya wafu iliyokatizwa njiani ni ya jamii nzima, na jamii hiyo haikuulizwa. Mji ungeweza angalau kuwapa Sac na Fox usemi wa kwanza kuhusu namna siku hiyo inavyoadhimishwa, na kuanza kutumia tarehe 22, ile ya cheti cha ubatizo.