Kabati la Kurasini

Kabati lililoko sebuleni kwangu nililinunua kwa shilingi 85,000. Bei ya kwanza ilikuwa 120,000. Hizo elfu thelathini na tano nilizipunguza mimi kwa mdomo wangu, na mwenye kabati amekaa pale pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua tatu kutoka nilipo, anasikia kila neno. Nilisema kioo kimoja kina ufa. Nilisema mguu wa nyuma umeanza kuliwa na mchwa, jambo ambalo halikuwa kweli na nadhani yeye alijua. Dalali aliyenipeleka akaguna, akasema, "Dada, hii ni mninga tupu, hupati tena." Mama wa watu hakusema kitu. Alikuwa ameshatoa vikombe vyake, amevifunga kwenye khanga.

Nilikuwa nimehamia vyumba viwili Temeke na mama yangu alikuwa anakuja kutoka Tanga kutibiwa miguu. Nilikuwa na laki tatu za kuifanya sebule ifanane na sebule. Basi nikafanya kama wanavyofanya watu wengi wa mji huu: kochi la mtumba, meza ya fundi wa Keko ambaye mteja wake alilipa nusu akatokomea, mapazia ya kushona mwenyewe, ukuta mmoja rangi na mitatu chokaa. Na kabati.

Lilinichukua siku nne. Siku mbili za msasa, kwanza ule mkali, kisha laini, kwa sababu lilikuwa limepakwa vanishi juu ya vanishi hadi limekuwa jeusi kama sufuria. Chini ya weusi ule kweli kulikuwa na mninga, rangi ya asali iliyokolea. Gundi kwenye droo, bawaba mpya mbili, vanishi mara mbili na kungoja ikauke. Kioo chenye ufa nilikiacha. Lakini kitu kilichonisimamisha ni rafu ya juu. Nilipotoa gazeti lililotandikwa, nikakuta duara sita, safu mbili za tatu tatu, mahali vikombe vilipokaa miaka yote bila kuguswa. Mbao pale ilikuwa na rangi yake ya zamani. Nilisugua duara tano. Ya sita mkono ulikataa.

Duara kama zile nilikuwa nimeziona mahali pengine, na ndiyo sababu naandika haya.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, Kunduchi, kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, mengi ya karne ya 18. Waliojenga makaburi yale walipachika sahani na bakuli za Kichina kwenye chokaa ingali mbichi. Leo mahali pengi sahani hazipo. Zimevunjika, au mtu alikuja na patasi akazibandua. Kilichobaki ni mashimo ya duara, safi, yamejipanga kama macho. Mara ya kwanza nilipoyaona nilijiuliza swali la kijinga kidogo: hizi sahani, kabla ya kaburini, zilikuwa wapi?

Jibu fupi ni kwamba zilikuwa nyumbani kwa watu. Vyombo vya kaure havikutengenezwa huku. Vilivuka bahari kwa majahazi na merikebu, vikipokewa bandari hata bandari. Mpaka bakuli la Uchina lifike kwenye ukuta wa Mswahili, lilikuwa limepita mikono mingi, na hapo ukutani haukuwa mwisho wake. Lilirithiwa, lilitolewa mahari, liliuzwa, lilivunjika likaunganishwa. Kilwa Kisiwani, Msikiti mdogo wa Kuba una bakuli zilizopachikwa ndani ya kuba zenyewe, juu kabisa, ambako hakuna mkono wa kulia chakula ungefika. Chombo cha mezani kikawa pambo la dari. Leo tungesema mtu kajiongeza.

Lakini mahali panaponigusa zaidi ni Lamu, kwa sababu kule jambo hili lilikuwa la chumbani, na lilikuwa la wanawake. Nyumba za mawe za karne ya 18 zina chumba cha ndani kabisa, mbali na mlango wa barabarani, ambacho ukuta wake wa nyuma umejaa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyochongwa, safu juu ya safu. Vyumba vile ni vyembamba. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi sana mita tatu. Zidaka zilisaidia kidogo, zikamfanya aliyekaa aone ukuta una kina kuliko ulivyo. Humo zilipangwa kaure. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu katika miaka ya 1980, aliandika kwamba vyombo vile vilihesabiwa pia kuwa kinga dhidi ya jicho la hasidi. Na nyumba yenyewe, kwa desturi ya matajiri wa mji, baba alimjengea binti anapoolewa. Mume alihamia kwa mke. Kwa hiyo ukuta ule wa vikombe ulikuwa wa mama, kisha wa binti, kisha wa mjukuu.

Pambo la bei nafuu kuliko yote lilikuwa chokaa. Tangu enzi hizo mpaka babu zetu, nyumba ikichakaa unaipaka chokaa Idi ikikaribia, kesho unaamka kwenye nyumba mpya. Zipo kuta Lamu ambazo nakshi zake zimefunikwa na chokaa ya miaka na miaka hadi kingo zimekuwa butu. Nami sebule yangu mita tatu na nusu, kuta tatu chokaa. Sijavumbua kitu.

Ila nisije nikapamba historia kuliko nilivyopamba nyumba. Chokaa ile ilichomwa kwa matumbawe, na matumbawe yalikatwa, na kuni zilibebwa, na wengi wa waliokata na kubeba walikuwa watumwa. Walilala chini, bwana na bibi juu. Kaure zilinunuliwa kwa biashara ambayo ndani yake mlikuwa na pembe na watu. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, familia nyingi zilizotegemea mashamba na kazi ya bure zilianza kuteremka, na kuteremka kwa nyumba kunaonekana kwanza ukutani. Kidaka kimoja kinabaki kitupu. Kisha cha pili. Viti vya enzi, vile vikubwa vya mpingo vyenye njumu za mfupa au pembe na mgongo wa kamba zilizosukwa, ambavyo mgeni wa heshima tu ndiye aliyekalishwa, vingi siku hizi vimo makumbusho na majumba ya wakusanyaji, ng'ambo na huku. Kila kimoja kilitoka kwenye sebule fulani siku fulani, na naamini palikuwa na mtu anayetafuta ufa.

Nilisoma tena kumbukumbu za Sayyida Salme wakati vanishi ikikauka. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, akatoroka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, naye mume akafa mwaka 1870 akimwachia watoto watatu. Kitabu chake kilitoka Kijerumani mwaka 1886. Anapoeleza vyumba vya kwao anakaa sana kwenye ukuta: vishubaka virefu, rafu zilizojaa vyombo vya kaure na vya bilauri vya thamani, vioo vikubwa kutoka Ulaya, saa. Zamani nilizipita kurasa zile haraka, niliona ni majivuno ya binti wa mfalme. Safari hii nilizisoma nikikumbuka aliziandika akiwa wapi: mjane ugenini, fedha hazitoshi, urithi wake Unguja amenyimwa. Alikuwa anapanga upya vikombe kwa kalamu. Mtu asiyewahi kupoteza nyumba hahesabu rafu namna ile.

Jumba la masultani lililoko ufukweni Mji Mkongwe ni makumbusho tangu mwaka 1994, na lina chumba chake. Lakini mimi siku nilipokwenda nilicheka kwenye ghorofa nyingine, kwenye vyumba vya Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hadi 1960. Kuna kabati la fomaika. Fomaika, jamani! Ile ile ya meza za mahotelini. Sultani aliyezungukwa na samadari na makasha ya njumu naye alitaka kitu kipya chepesi kufutika kwa kitambaa. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 sultani wa mwisho aliondoka, na waliondoka wengine wengi, kwa nyakati tofauti, wakiacha nyumba na vilivyomo au wakiuza kwa bei ya mtu anayewahi meli. Vitu vilivyoitwa urithi vikawa vitu vya mnada. Wengine waliokuwa hawajawahi kukalia kiti cha mtu mkubwa wakakikalia, na sioni kwa nini wasingekikalia. Lakini samadari anayonunua mtalii leo kwenye duka la vitu vya kale ina mtu aliyezaliwa juu yake.

Bara hatukuwa na zidaka. Tulikuwa na kabati la vyombo, wengine wakiliita shoo-kesi. Nani asiyelijua? Vioo vya kusukuma, juu yake redio, juu ya redio kitambaa cha kufuma, ndani seti ya vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kunywea. Mgeni akija anapewa chai kwenye kikombe cha plastiki huku anatazama vya kaure. Watoto tuliona ni wazimu wa mama zetu. Sasa naona ulikuwa ukuta ule ule wa Lamu, umepata miguu minne kwa sababu nyumba ni ya kupanga na lazima uweze kuhama nao.

Mama alinunua lake Tanga, kwa fundi, mwishoni mwa miaka ya 1970, kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu. Ilipofika mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa sabuni na vitenge usiku kwa hofu ya kuonekana wana vingi. Mama alivitoa vikombe sita akavifukia kwenye pipa la mahindi. Vikombe sita! Mzee Mwinyi alipoingia mwaka 1985 na mambo yakaanza kuwa ruksa, vikarudi kwenye kioo, na bidhaa zikarudi madukani, na mitumba ikamwagika sokoni. Mama hakuigusa mitumba. Nguo ya mtu, alisema, ina jasho la mtu. Alikuwa tayari kuvaa khanga iliyochanika.

Kisha mwaka 1994 nilichaguliwa kwenda sekondari, na ada haikuwepo. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta sebule ina pengo, sakafu ya pale ina rangi tofauti na kwingine. Hakuna aliyenieleza na sikuuliza. Vikombe vilikuwa kwenye beseni, juu yake khanga.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini Kurasini nilipoiona ile khanga nilipaswa kufunga mdomo na kutoa laki na ishirini. Sikufunga. Nilikuwa na laki tatu na orodha. Umaskini wa mnunuzi ni kitu halisi, sitaki kujifanya sikuwa nao. Lakini mchwa niliutunga.

Mama alifika Jumamosi. Aliingia, akakaa kwenye kochi la mtumba bila kuuliza, maana miguu ilikuwa imevimba. Akatazama kabati muda mrefu.

"Umelinunua kwa nani?"

"Kwa fundi, Keko."

"Mwanangu, hilo si la fundi wa leo. Tazama droo zilivyofungwa."

Nikamweleza. Kurasini, dalali, ndoo, hata mchwa. Nilitegemea anisome. Aliuliza kitu kimoja tu, nililishusha kutoka ngapi hadi ngapi, nikamtajia. Akahesabu kimya.

"Langu walinipa elfu kumi na nane," akasema. "Nilitaka ishirini na tano. Yule bwana alisema kioo kina ufa."

"Kilikuwa nacho?"

"Kilikuwa nacho. Wewe ndiye uliyekipasua."

Jumatatu iliyofuata nilimpigia dalali nikamwomba anipeleke tena Kurasini. Alidhani nataka kurudisha mzigo, akaanza kujitetea. Tulipofika, chumba kilikuwa na wapangaji wengine; mama yule alikuwa amehamia kwa mwanawe, Mbagala wengine walisema, wengine Chanika. Elfu thelathini na tano ile ipo kwenye droo, kwenye bahasha. Mama anaijua, naye huwa hataki niitoe hata gesi ikiisha.

Vikombe vyake hakuja navyo, viko Tanga kwa dada. Rafu ya juu nimeiacha tupu. Ya katikati ameweka dawa zake, amezipanga kwa urefu, za asubuhi mbele.