Siku tano za kazi zinaisha lini? Jinsi ya kuifundisha Excel sikukuu zetu

Tuchukue mfano wa Alhamisi, Aprili 2, 2026. Mteja wa Dar es Salaam anaahidiwa kuwa mzigo wake utakuwa tayari ndani ya siku tano za kazi. Karani anafungua Excel, anaandika fomula ya WORKDAY, inamjibu: Aprili 9. Mteja anafika siku hiyo, mzigo bado, na maneno yanaanza.

Kompyuta haikukosea. Imeruka Jumamosi na Jumapili, kwa sababu hayo ndiyo mapumziko pekee inayoyajua yenyewe. Lakini katikati hapo kuna Ijumaa Kuu Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka Aprili 6 na Siku ya Karume Aprili 7. Ukizitoa hizo, siku ya tano ni Jumanne, Aprili 14. Aliyeahidi siku hiyohiyo akiwa Nairobi anamaliza Aprili 13, maana Kenya hawana Siku ya Karume.

Kwa hiyo sikukuu lazima uziandike mwenyewe. Tenga safu moja, tuseme F, kuanzia F2 mpaka F20, tarehe moja kila seli. Kama tarehe ya kuanzia iko A2, fomula inakuwa hivi:

=WORKDAY(A2,5,$F$2:$F$20)

Alama za dola usiziache. Bila hizo, ukiburuta fomula kwenda chini, orodha nayo inateleza chini na sikukuu za juu zinaachwa moja moja. Fomula hiyo inafanya kazi hata kwenye Google Sheets ya simu. Ikigoma, jaribu kuweka nukta mkato badala ya koma, inategemea mipangilio ya kifaa chako.

Siku ya kwanza inahesabiwa?

Hapa wengi tunagombana bure. WORKDAY haihesabu siku ya kuanzia, inaanza kesho yake. Ndugu yake NETWORKDAYS, inayohesabu siku za kazi kati ya tarehe mbili, inajumlisha zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Ukiiuliza kati ya Aprili 2 na Aprili 14, pamoja na orodha ya sikukuu, itakwambia sita, siyo tano. Zote ziko sahihi, ila swali ni tofauti.

Mtego wa 07/04

Huu ndio mbaya kuliko yote kwa sababu hauonyeshi kosa lolote. Unaandika 07/04/2026 ukimaanisha Siku ya Karume. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma mwezi kwanza, hivyo inaelewa Julai 4. Na Julai 4, 2026 ni Jumamosi, siku ambayo tayari haihesabiwi. Sikukuu yako imepotea kimyakimya. (Saba Saba na Nane Nane ziko salama, 07/07 na 08/08 hata uzisome vipi.)

Dawa yake ni kuandika =DATE(2026,4,7): mwaka, mwezi, siku. Au badilisha muonekano wa seli ili mwezi utokee kwa jina, uone kwa macho yako.

Sikukuu zisizo na tarehe moja

Muungano ni Aprili 26 kila mwaka, Nyerere ni Oktoba 14. Hizo utazinakili tu. Pasaka inahama, ila tarehe yake inajulikana miaka mingi mbele. Idd ndiyo inayosubiri mwandamo wa mwezi, na hakuna programu itakayokuhakikishia mapema. Weka tarehe inayotarajiwa, ipake rangi, urudi kuirekebisha mwezi ukishaonekana.

Kuna na zile zinazotangazwa na serikali. Agosti 23, 2022 Watanzania walipumzika kwa ajili ya sensa. Novemba 13, 2023 Wakenya walipewa siku ya kupanda miti. Kenya pia sheria inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ndiyo inakuwa mapumziko. Ndivyo Madaraka ya Juni 1, 2025 ilivyowapa Jumatatu ya Juni 2. Excel haijui sheria hiyo, andika Jumatatu mwenyewe.

Likizo: soma sheria kabla ya fomula

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya angalau siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani. Hapo huhitaji WORKDAY kabisa. Ukianza Machi 2, 2026, siku ya mwisho ni tarehe ya kuanzia jumlisha 27, yaani Machi 29. Ukijumlisha 28 unapata siku ya kurudi ofisini. Nimewahi kuchanganya hizo mbili na kuingia kazini siku moja baada ya bosi kuanza kunitafuta.

Kenya ni habari nyingine: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema siku 21 za kazi. Hizo sasa ndizo za WORKDAY, na kwa sababu siku ya kuanzia haihesabiwi, toa moja kwanza:

=WORKDAY(A2-1,21,$F$2:$F$20)

Kama Jumamosi mnafungua

Maduka na mafundi wengi wanapumzika Jumapili tu. Tumia WORKDAY.INTL, ambayo inakuruhusu kuchagua wikendi. Namba 11 maana yake Jumapili peke yake:

=WORKDAY.INTL(A2,5,11,$F$2:$F$20)

Kwa mfano wetu wa Aprili 2, fundi anayefungua Jumamosi atamaliza Aprili 11 badala ya 14.

Unayefanya biashara na Muscat, weka namba 7: Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, kabla ya hapo ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Kwa Dubai rudi kwenye namba 1, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ofisi za serikali za Falme za Kiarabu zilihamia huko Januari 2022. Ijumaa wanafanya nusu siku tu, na nusu siku fomula hizi hazina pa kuiweka.