Tofali Lilivyoingia Kampala na Jina Lake

Mtu aamuapo kujenga tanuri la mkate nyuma ya nyumba yake hapa Kampala, aghalabu hamwiti fundi. Hununua matofali kando ya barabara, huchota udongo wa kichuguu, humwazima jirani mwiko na timazi, kisha huanza kazi. Wako wanaoona kuwa huo ni ubahili mtupu. Sisi hatukubaliani nao. Uashi wa matofali katika mji huu ulianzia mikononi mwa watu ambao hawakurithi uashi, tena ulifika ukiwa umefuatana na maneno ya Kiswahili ambayo hadi leo hayajaondoka.

Kabla ya hapo Waganda walijenga kwa matete na nyasi, na kwa ustadi mkubwa. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, alifika mbele ya Kabaka Suuna mwaka 1844, na mwana wa Suuna, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Wamisionari wa Kiingereza walipowasili mwaka 1877, na wale wa Kifaransa mwaka 1879, walikuta lugha ya pwani imekwisha kutangulia barazani. Basi kila kitu kigeni kilichokosa jina katika Luganda kilipewa jina lililokuwa karibu. Msumari ukawa omusumaali, dirisha likawa eddirisa, mabati yakawa amabaati, mkate ukawa omugaati. Tofali nalo likawa ettoffaali, na mahali linapochomwa pakaitwa ttanuulu.

Neno tanuri lenyewe ni msafiri wa siku nyingi. Tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nao wana jamaa zao wa kale huko Babeli. Wahindi hulitamka tandoor. Pwani watu walitofautisha tanuri la kuokea na tanuu la kuchomea chokaa ya matumbawe. Kampala haina matumbawe, na kwa hiyo moto wa ttanuulu ukaelekezwa kwenye udongo wa mabonde.

Kazi kubwa ya kwanza ya matofali ambayo watu wa mji huu waliifanya kwa umoja ni kanisa kuu la Namirembe. Makanisa ya awali kilimani hapo yalikuwa ya miti, matete na nyasi. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na lililofuata likadhoofishwa na mchwa. Ndipo ilipoamuliwa kujenga kwa matofali, chini ya uongozi wa mmisionari Borup, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha ufundi. Wakuu na watu wa kawaida walijitwisha udongo na matofali wakapanda navyo mlima. Hawakuwa waashi, walikuwa wakulima, makarani na wanafunzi. Askofu Tucker aliliweka wakfu kanisa hilo mwaka 1904. Hata hivyo paa lilikuwa bado la nyasi, na mwaka 1910 radi ikalipiga na kuliteketeza. Kanisa la sasa, la matofali mekundu, lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919.

Namna ya kuchoma haijabadilika sana tangu siku hizo. Udongo hukandwa, hutiwa katika kalibu, na matofali mabichi hufunikwa nyasi yakauke polepole yasipasuke. Kisha hupangwa kuwa kilima chenye mifereji chini ya kutilia kuni, na kilima chote hukandikwa tope. Moto huwaka siku kadhaa mfululizo. Matofali ya katikati huiva vizuri, ya nje hubaki nusu mabichi. Na hapa ndipo mjenzi wa tanuri la mkate anapotakiwa kuwa mwangalifu. Agonganishe tofali mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kuziba. Yapo pia ya kiwandani huko Kajjansi, katika barabara ya Entebbe, lakini bei yake humrudisha mtu kwenye yale ya kando ya barabara. (Kuni za kuchomea hukatwa kwa wingi, na vinamasi huachwa na mashimo, hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake.)

Katika kuunganisha, saruji haifai ndani ya tanuri. Ikipata joto kali hupoteza maji yaliyofungamana nayo, hupasuka na kumomonyoka. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga huvumilia. Kuba hujengwa juu ya chungu ya mchanga mbichi uliofunikwa magazeti. Tao la mdomo likiisha kushika, mchanga huchotwa kwa kupitia mdomo huo huo. Mdomo usizidi theluthi mbili ya kimo cha kuba, la sivyo joto lote hutoroka. Baada ya hapo huwashwa mioto midogo kwa muda wa wiki nzima ili unyevu utoke bila haraka.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kulitazama tanuri hilo. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga Kiswahili kisifanywe lugha ya Buganda, na hofu yake ilikuwa na msingi: Luganda ingeweza kusukumwa pembeni. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa haikuwatuliza wengi, kwa kuwa walikisikia zaidi vinywani mwa askari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Katika miaka hiyo yote ya mabishano hakuna Mganda aliyelikataa neno ettoffaali.

Makaburi ya wafalme ya Kasubi yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Mwaka 2013 Katikiro Charles Peter Mayiga alipoanza kuzunguka akichangisha fedha za kuyajenga upya pamoja na kazi nyingine za ufalme, kila mchango, hata wa shilingi chache, uliitwa ettoffaali. Nyumba yenyewe hujulikana kwa nyasi zake, wala si kwa matofali. Lakini waliotoa walisema, kila mmoja kwa Luganda safi, kwamba wameleta tofali.