Vyumba vya Juu vya Madrasa za Fes

Ghorofani mwa madrasa ya al-Attarin, katika mji wa Fes nchini Moroko, kuna vyumba vya wanafunzi vilivyopangwa kuuzunguka ua. Mgeni aliyekata tiketi kwa kawaida humaliza muda wake chini, akipiga picha vigae vya rangi, plasta iliyochongwa hadi ikafanana na kitambaa cha lesi, na mbao za mwerezi zilizojaa maandishi, kisha huyo akatoka. Akipanda ngazi ile nyembamba hukuta kitu kingine kabisa: kuta za chokaa zisizo na ua wala herufi, sakafu ya kutandika mkeka mmoja na kuweka sanduku, kidirisha cha kuchungulia. Nakshi zote ziliishia pale jicho la sultani na la watu wa mji lilipofika. Huku juu alilala mwanafunzi wa al-Qarawiyyin, na anayetaka kujua aliishi vipi aanzie hapa.

Al-Qarawiyyin yenyewe ni msikiti mkubwa ulio hatua chache kutoka mlango wa madrasa hiyo. Kwa mapokeo, uliasisiwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri, binti wa familia iliyohamia Fes kutoka Kairouan, katika Tunisia ya leo, ambaye alitumia urithi wake kuujenga. Habari hiyo iliandikwa karne kadhaa baadaye, na baadhi ya wanahistoria huipokea kwa tahadhari. Ubishi mwingine ni kama mahali hapa panastahili kuitwa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote duniani, au palikuwa msikiti wenye darasa tu mpaka serikali ilipopapangia upya katika karne ya 20. Kiswahili hakina haja ya kuumia sana na ubishi huo. Mwambaoni, mtoto aliyepelekwa kuanza alifu kwa kijiti alisemwa anakwenda chuoni, na neno hilohilo ndilo lililokuja kubeba Makerere na Mlimani.

Madrasa za bweni zilikuja baadaye sana, wakati wa ukoo wa Wamerini. Ya kwanza, al-Saffarin, ilijengwa mwaka 1271. Al-Attarin ilijengwa kati ya 1323 na 1325, na Bou Inania, iliyo kubwa na ya kifahari zaidi, kati ya 1350 na 1355. Wamerini walikuwa Waberberi waliotwaa nchi kwa upanga. Tofauti na Waalmohadi waliowatangulia, hawakuja na wito wa dini wa kuwahalalishia utawala, kwa hiyo walihitaji wanazuoni wa madhehebu ya Maliki upande wao, na makadhi na makatibu wa kuendesha dola. Kumjengea mwanafunzi pa kulala ilikuwa siasa ya busara, na thawabu yake haikupungua kwa sababu hiyo.

Majina ya madrasa hizo yanaeleza zilivyopakana na soko. Al-Attarin ni wauza manukato na viungo, al-Saffarin ni wafua shaba, na al-Sharratin, iliyojengwa baadaye, ni wasokota kamba. Katika kiwanja cha al-Saffarin nyundo zinalia juu ya masufuria mpaka leo. Mwanafunzi aliyekuwa akihifadhi beti za sarufi chumbani alizihifadhi kwa mdundo huo, apende asipende.

Wenyeji wa Fes walilala kwao. Vyumba vilikuwa vya wageni, vijana kutoka milima ya Rif, bonde la Sus au jangwani Tafilalt, wengi wao wakiwa wameshahifadhi Kurani nzima kabla ya kufunga safari. Kodi haikuwapo, kwa kuwa nyumba ilikuwa wakfu. Hata hivyo, kwa desturi iliyozoeleka katika karne za karibuni, anayeingia alinunua haki ya ufunguo kutoka kwa anayetoka, na siku yake ya kuondoka ikifika aliiuza kwa mwingine. Kilemba, kwa maneno mengine, kama wanachodaiwa wapangaji wa fremu za maduka Kariakoo.

Mbali na chumba kulikuwa na mkate. Maduka, tanuri, vinu vya maji na mahamamu viliwekwa wakfu kwa ajili ya madrasa, na kutokana na mapato hayo mwanafunzi alipata mkate wake wa kila siku. Wakfu ukiwa mnono aliishi vizuri. Ukidorora, alidorora nao. Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyekulia Fes na ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Leo Africanus, alieleza katika kitabu alichokimaliza mwaka 1526 kwamba zamani wanafunzi walilishwa na kuvishwa kwa miaka saba, lakini vita viliangamiza mali za wakfu, na kufikia wakati wake walibakiwa na chumba tu. Kilio cha wanafunzi juu ya posho kina umri mrefu.

Pengo lilizibwa na nyumbani na mjini. Nyumbani vilitoka unga, mafuta ya zeituni na nyama iliyokaushwa, vitu vinavyovumilia safari ya nyumbu na miezi ya kukaa sandukuni. Mjini kulikuwa na hitma: akifa mtu, wanafunzi waliitwa kusoma, wakala na kuondoka na chochote mkononi. Chakula cha siku za kawaida kilipikwa kwa mkaa humohumo chumbani.

Siku iligawanywa na adhana. Muda ulipimwa pia kwa maji: mkabala na Bou Inania bado upo ukuta wa saa ya maji iliyokamilika mwaka 1357, wenye vidirisha vilivyopangwa safu moja na mahali pa mabakuli 13 ya shaba. Mitambo yake imepotea, na mafundi wa leo hukisia tu jinsi ilivyokuwa ikienda.

Darasa lilifanyika msikitini. Mwalimu aliketi akiegemea nguzo, au juu ya kiti kilichowekewa wakfu wake chenyewe, na wanafunzi wakakaa nusu duara juu ya majamvi. Mmoja alisoma matini kwa sauti, mwalimu akamkatiza kila kifungu na kufafanua neno, kuleta hoja ya aliyetangulia na kuipinga au kuiunga mkono. Hapakuwa na orodha ya waliojiandikisha wala mtihani wa mwisho wa mwaka. Kijana asiyeridhika na nguzo moja alihamia nyingine. Kwa nje hali hiyo inaonekana legelege, lakini mzigo wote ulikuwa kichwani mwa msomaji: asiyehifadhi matini hakuwa na la kushika ufafanuzi ulipoanza.

Kitabu cha mlangoni kilikuwa Ajrumiya, sarufi fupi ya Kiarabu iliyotungwa na Ibn Ajurrum, mwanazuoni wa Fes aliyefariki humo mwaka 1323, mwaka uleule ujenzi wa al-Attarin ulipoanza. Mswahili aliyekaa darasa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa ugumu wa kurasa zile chache, kwa sababu naye alizihifadhi. Baada yake ilikuja Alfiya ya Ibn Malik, sarufi ya beti takriban elfu moja. Njia ziliachana kwenye sheria. Fes ilisoma Mukhtasari wa Khalil kwa madhehebu ya Maliki, na mwambao wa Kishafii ukasoma Safina na Minhaji. Lakini mwanafunzi wa upande mmoja angeketi katika darasa la upande wa pili na kutambua mara moja kinachoendelea.

Mwisho wa masomo ulikuwa ijaza. Mwalimu aliandika kwamba fulani amesoma kwake kitabu fulani na anaruhusiwa kukifundisha, na akataja msururu wa walimu waliokipokeza tangu kwa mtungaji. Cheti kilibeba jina la mtu na la kitabu, si la jengo. Mtalii anayetafuta ukumbi wa mahafali katika al-Qarawiyyin hataupata.

Raha ya mwaka ilikuwa sikukuu ya majira ya kuchipua, sultani wa wanafunzi. Desturi inahusishwa na Mulay Rashid, aliyetawala kuanzia 1666 hadi 1672 na kujenga al-Sharratin mwaka 1670. Inasemwa wanafunzi walimsaidia kushika madaraka. Cheo cha sultani wa wiki moja kilipigwa mnada, mshindi akapewa mavazi, mwavuli wa kifalme na mawaziri wa mzaha, na wote wakapiga kambi kando ya mto nje ya mji, wakila kwa michango ya wafanyabiashara. Sultani wa kweli alikwenda kumzuru mwenzake. Mwanafunzi aliyevaa kama msimamizi wa soko alihutubia mbele yake, akigeuza lugha nzito ya mimbari kuwa sifa za nyama na vitamu, na baada ya vicheko sultani wa mzaha alitoa ombi moja la kweli, kama vile msamaha wa kodi kwa familia yake au kuachiwa kwa mfungwa. Kwa ombi hilo mnada ulistahili kupandishwa bei. Wiki ikiisha alilazimika kutoroka alfajiri kabla wenzake hawajamtia mikononi.

Himaya ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1912, ilileta madaftari. Katika miaka ya 1930 masomo yaligawanywa kwa hatua, mitihani ikawekwa, na walimu wakaanza kulipwa mshahara na serikali. Wakati huohuo al-Qarawiyyin ikawa mahali pa siasa. Mwaka 1930, amri ya kuwatoa Waberberi chini ya sheria ya Kiislamu ilipotangazwa, dua ya Ya Latif ilisomwa misikitini kama maandamano, al-Qarawiyyin ikiwamo, na miongoni mwa waliovuma humo alikuwa Allal al-Fassi, kijana wa miaka 20 aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa harakati za uhuru.

Mwaka 1963 al-Qarawiyyin iliingizwa katika mfumo wa vyuo vikuu vya serikali, na masomo yakahamia majengo mengine nje ya msikiti. Maktaba ya kale, ambayo Ibn Khaldun aliipelekea nakala ya historia yake kubwa, ilikamilishiwa ukarabati mwaka 2016. Msikiti huingiwa na Waislamu tu. Wengine huchungulia mlangoni. Madrasa ya al-Attarin hufunguliwa kwa yeyote mwenye tiketi, na vyumba vya juu havina funguo tena.